Shahidi wa Pili Juu ya Dungu

Katika kundi letu la simu la watu wanaofuatilia ndege adimu, neno la mtu mmoja halihesabiki. Lazima kuwe na picha au shahidi wa pili. Mimi sikuwa na kimoja wala kingine.

Ndege mwenyewe nilimwona mwishoni mwa masika, kwenye majaruba ya mpunga ya shangazi yangu bondeni, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Kibaoni, hapa Ifakara. Ni wa jamii ya yangeyange, ila mdogo kama njiwa, mgongo rangi ya moshi, kifua chenye michirizi myeusi, miguu ya njano. Huja na mvua na kuondoka nayo, na hujibanza kwenye mpunga hata ukapita kando yake usimwone. Aliruka mbele yangu, akatua, akazama. Simu ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa kwenye pikipiki.

Niliandika kundini bila kuongeza chumvi: mahali, mwanga, umbali, rangi moja baada ya nyingine. Mkuu wa kundi, mtu wa Dar es Salaam anayeogopwa kwa ukubwa wa lenzi zake, akajibu kwa mstari mmoja: "Bila picha, hiyo ni hadithi." Mwingine akauliza kama huku kwetu hata kuku wameanza kuadimika.

Iliniuma. Wageni huja Ifakara kumtafuta kwera wa mto wetu, ndege asiyepatikana kwingine, asubuhi wamempata, mchana wameondoka, na hakuna anayewabishia. Mimi naishi hapa. Duka langu la fotokopi liko Viwanja Sitini, na kila nikipata nafasi niko bondeni na darubini. Nilitaka neno langu lisimame kama lao. Nikamwandikia mkuu: "Njoo uone."

Alikuja kweli, na wenzake wawili. Jumapili alfajiri tulikuwa shambani.

Shangazi tulimkuta juu ya dungu, jukwaa lake la kulindia mpunga, akipiga debe kwa mkono mmoja, kombeo katika mwingine. Mpunga ulikuwa umeanza kuweka maziwa na kwelea, vindege wala nafaka, walikuwa wameingia bondeni kwa makundi.

"Shikamoo mama," mkuu alisema. "Tunaomba kimya kidogo tu, nusu saa."

"Marahaba. Kimya?" Shangazi aliinama kumtazama vizuri. "Kwelea wakisikia kimya watajua nimekufa."

Mkuu akatoa spika ndogo mfukoni. Alikuwa na sauti ya ndege wetu kwenye simu, aipige ili mwenyewe ajitokeze. Kundini jambo hilo hugombanisha watu kila mwezi: wengine huliita ufundi, wengine utapeli. Shangazi hakuhitaji kundi ili kuamua.

"Unamwita kwa sauti ya mwenzake ambaye hayupo? Akitoka akakuta ni wewe, utamwambia nini?"

Wenzake wakaangua kicheko. Shangazi akashuka, akajifunga kitenge kisafi juu ya kile cha shamba.

"Sikilizeni wanangu. Jumapili mbili sijaenda misa kwa sababu ya ndege. Anayetaka kumwona wa kwake, apande hapa aamie, awafukuze kwelea. Mimi nakwenda kusali."

"Mama, kanuni yetu ya kwanza ni kutosumbua ndege."

"Na yangu ya kwanza ni kula. Kombeo hilo hapo."

Akaondoka. Mkuu akanigeukia. "Dada, hivi ndivyo mnavyoonyesha ndege huku?"

"Ndivyo tunavyopata ruhusa ya shamba," nikamjibu.

Hakupata muda wa kubisha. Wingu la kwelea liligeuka hewani na kuanza kushuka pembeni mwa shamba. Mwenzake mmoja, mama daktari wa meno, alikwishapanda dungu na kulitwanga debe. Mkuu akaweka kamera chini ya dungu, akashika kombeo, akakimbia juu ya tuta huku akipiga kelele kama mzaliwa wa bondeni. Bonge lake la udongo likaangukia kona ya mwisho. Maji yakaruka, na ndege wangu akaruka nayo.

Alitua ukingoni mwa jaruba, miguu ya njano wazi kabisa. Kisha akafanya wafanyavyo wa jamii yake wakishtuka: akanyoosha shingo, mdomo ukaelekea mbinguni, akaganda kama shina la tete. Nikaelewa mara moja kwamba kelele ndizo zilizomgandisha.

"Msinyamaze!" nikawapigia kelele. "Pigeni debe!"

Debe likalia. Ndege akabaki pale, na sote wanne tukamtazama michirizi ya kifua hadi tukatosheka. Mkuu hakuthubutu kurudi kuchukua kamera, wala wenzake hawakusogea, ndege asije akaruka; na simu kwa umbali ule zingetoa doa tu.

Aliandika kundini kwa vidole vyenye tope: "Nimemwona. Ni kama dada wa Ifakara alivyoeleza, mpaka miguu. Mimi ni shahidi wa pili."

Jibu likaja upesi: "Picha?" Na la pili: "Bila picha, hiyo ni hadithi."

"Mimi? Mimi nadanganya?" alifoka, na mama daktari nusura aanguke dunguni kwa kucheka. Ilibidi yeye na mwenzao waandike pia. Kabla jua halijawa kali, maelezo yangu ya kwanza yalipokelewa yote, hakuna neno lililobadilishwa.

Shangazi aliporudi kutoka misani alikagua mpunga kwanza, tuta kwa tuta. Kisha akauliza, "Na ndege wenu je?"

Sauti ya mkuu ilikuwa imekauka kwa kufukuza kwelea. Alininyooshea kidole chenye tope.

"Muulize yeye, mama," alisema kwa kukwaruza. "Ndiye aliyemwona."