Bwana Taratibu na Kona ya Ubishi

Pale machinjioni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kuanzia msimamizi hadi madereva wa malori ya nyama, wote walimwita Bwana Taratibu, maana neno hilo halikumwisha mdomoni. Ukimvuta ng'ombe kwa pupa, taratibu. Ukipiga kelele karibu na zizi, taratibu. Hata mkewe alipomkemea kwa kuingia ndani na mabuti ya kazini alijibiwa hivyohivyo, na mama wa watu akajikuta anacheka badala ya kugomba.

Alikuwa amechinja kwa miaka ishirini na sita, na aliifanya kazi hiyo kama ibada, kwa sababu kwake ilikuwa ibada hasa. Kisu alikinoa chumba cha pili ili mnyama asikione. Ng'ombe alilazwa akaelekezwa kibla, jina la Mungu likatajwa kwa sauti ya kawaida, na kisu kikapita mara moja tu. Juu ya hayo yote lilikuwepo sharti moja ambalo ukilivunja angekununia mwaka mzima: mnyama asimwone mwenzake akichinjwa. Ndiyo maana kati ya njia ya kungojea na sakafu ya kuchinjia palining'inia turubai zito, alilolishona kwa mkono wake mwenyewe, na kila mgeni alionyeshwa turubai hilo kabla hajaonyeshwa kitu kingine.

Sasa huyu bwana alikuwa na binti, na binti alifanya kazi katika shirika la kuhifadhi wanyamapori, wale watu wa tembo na kasa. Baba alijivuna naye mpaka watu wakachoka kusikia. Kisha wanachama wa shirika wakaanza kuandika barua: mbona mko kimya kuhusu uchinjaji wa kidini? Baadhi yao waliwaonea wanyama uchungu wa kweli. Wengine, tuseme tu ukweli, kisu hakikuwasumbua, kilichowasumbua ni dua inayosomwa juu yake. Nyama ya kopo walikula bila kuuliza ng'ombe wake alikufaje. Wakubwa wakaona bora watoe msimamo, na kazi ya kuandika rasimu wakamtwika binti wa mchinjaji.

"Kwa hiyo mnataka kutupiga marufuku?" baba aliuliza siku alipoambiwa, tonge likiwa limeganda mkononi.

"Wapo wanaotaka hivyo, baba. Wengine wanasema sisi ni wa wanyama wa porini, ng'ombe hawatuhusu. Mimi nataka tuandike kwamba hatupingi dini ya mtu, tunapinga mateso. Ila wananiuliza, una hakika gani kwamba pale hawateseki?"

"Hakika si mimi hapa? Njoo ujionee mwenyewe, mwanangu. Halafu uandike ulichokiona."

Alisema hivyo kifua mbele. Alitaka marufuku isipite, ndiyo, lakini zaidi alitaka binti yake aandike kwa kalamu yake kwamba baba yake si mkatili. Tangu siku hiyo hakulala vizuri kwa furaha.

Binti akaja asubuhi ya Jumatano, amevaa mabuti ya kuazima yaliyompwaya. Baba alimwonyesha turubai. Alimwonyesha kuta, ambazo miaka mitatu nyuma watu wa afya waliagiza zifunikwe kwa mabati yasiyoshika kutu, na ambazo yeye mwenyewe alijitolea kuzisugua kila siku kabla ya kazi. Ziling'aa kiasi cha mtu kunyolea ndevu. Ng'ombe wa kwanza akaletwa, akalazwa, kisu kikapita. Binti alifumba macho kidogo, akayafumbua, akaangalia saa yake, akaandika. "Ni haraka kuliko nilivyodhani," alisema, na baba yake akageuka pembeni kuficha tabasamu.

Wakatoka nje ya turubai kumpokea wa pili. Alikuwa jike jekundu, mpole, aliyetembea vizuri mpaka alipofika pale njia inapopinda. Hapo akakita miguu. Akarudi nyuma, akatoa macho, mkojo ukamtoka.

"Kona ya ubishi hiyo, dada!" mfanyakazi mmoja alicheka. "Hata awe mpole vipi, akifika hapo anataka wakili."

"Wote?"

"Wengi tu. Wanadeka."

Bwana Taratibu alimpapasa yule ng'ombe shingoni, akimnong'oneza maneno yake ya siku zote. Ng'ombe alitetemeka tu. Binti akaomba arudishwe zizini kwanza. Kazini alikuwa amefundishwa kwamba ukitaka kujua mnyama anaogopa nini, weka macho yako pale yalipo macho yake. Akaingia kwenye ile njia, akasimama penye kona, akainama.

Aliponyanyua uso, rangi ilikuwa imemtoka.

"Baba, njoo hapa. Chuchumaa."

"Na magoti yangu haya?"

"Chuchumaa, baba."

Akachuchumaa huku akitania kwamba sasa atachinjwa yeye. Mwisho wa turubai, penye upenyo wa kupita mtu, ukuta wa bati ulikuwa umeinama kidogo, na ndani yake, wazi kama kioo cha kinyozi, ilionekana sakafu yote ya kuchinjia. Aliona damu ikielekea kwenye mfereji. Aliona kichwa cha yule wa kwanza kimegeuziwa huku, na kisu chake mezani. Akasimama: akaona mwanga wa taa tu. Akachuchumaa tena, vyote vikarudi.

Miaka mitatu. Kila siku ng'ombe arobaini, na bati akilisugua yeye, kwa bidii, kwa sabuni, mpaka ling'ae. Walipotetemeka alisema wamechoshwa na lori. Alitaka kulia, machozi hayakuja. Akashika chuma cha pembeni.

Msimamizi akafika mbio. "Mzee, foleni imesimama. Kuna nini?"

"Wananiona."

"Akina nani?"

"Wote. Miaka mitatu wananiona."

Msimamizi aliinama, akatazama, akajikuna kidevu. "Tutapaka rangi Ijumaa. Hao ni ng'ombe bwana, wanajua nini? Tuendelee."

"Leo sichinji," alisema Bwana Taratibu. Msimamizi, ambaye hakuwahi kulisikia hilo kutoka kwake, akaenda kupiga simu.

Binti alikuwa ameshafunga daftari na kulisukumiza kwenye mkoba. "Hili siliandiki, baba. Turubai tutalirefusha, ukuta tutaupaka rangi, yataisha. Nikiliandika, wale wa marufuku watalikimbilia. Watasema, si mnaona dini yao?"

"Dini ndiyo iliyonikataza," alisema. "Dini ilisema asione. Niliyekosea ni mimi. Andika hivyo."

"Hukujua, baba."

"Huyo jike aliyesimama hapa alijua. Toa daftari, mwanangu."

Alilitoa. Aliandika huku akifuta macho kwa kiwiko, ukurasa mzima, na baba alimtajia kila neno: kona, bati, upenyo, miaka mitatu, ng'ombe arobaini kwa siku. Mwishoni kalamu ikasita.

"Wataniuliza mchinjaji ni nani," alisema. "Niandike mfanyakazi mmoja?"

"Andika ni baba yako," alisema, na akabaki amechuchumaa pale kwenye kona mpaka alipomwona binti ameandika.