Glasi Asiyoionja Mselem

Mselem Burhani ana ugonjwa mmoja tu, na si wa hospitali: hajui kumwambia mtu hapana. Pale Berea, Johannesburg, kwenye ghorofa analoishi na mkewe Shufaa, watu wameshamzoea. Ukitaka wa kukubebea kabati Jumapili asubuhi, mwite Mselem. Hata akiwa na homa atakuja, atabeba, na ukimuuliza anajisikiaje atakwambia hajambo, huku meno yanagongana. Mwaka mmoja alikubali kusimamia mapishi ya harusi mbili za siku moja, moja Berea na nyingine Mayfair. Huku pilau ikaungua, kule akafika watu wameshanawa mikono. Shufaa hakusema naye mpaka wiki ikaisha.

Lakini tumtendee haki, kwao Tanga adabu ndiyo hiyo. Mtu akikuuliza habari za nyumbani unaanza na nzuri. Hata kama ndani kuna msiba, kwanza nzuri, halafu ndipo unasogea polepole mpaka kwenye maiti. Na mgonjwa ndiyo kabisa, haambiwi kwamba amedhoofu. Unamkuta amebaki mifupa, unamwambia leo naona umechangamka. Hawasemi ni uongo, wanasema ni kumpa moyo. Mwenyeji mwenzako anakuelewa. Tabu inaanza pale unapompa moyo mtu ambaye hakulelewa hivyo, naye akachukua kila neno lako kama lilivyo.

Mselem aliingia Johannesburg akiwa kijana, akauza mikanda na soksi kwenye marobot, yaani taa za barabarani, akalinda duka Braamfontein, mwishowe akaangukia kazi ya kutunza wazee. Ilimfaa. Ana mikono mipole na hachoki kusikiliza hadithi ileile mara ya tano. Mwaka 2015 akapata nyumba ya Troyeville, kwa mzee mmoja Mtaliano jina lake Ettore.

Mzee Ettore alikuwa fundi wa sakafu. Nusu ya kumbi za mjini, ukimwamini, zilipita magotini mwake. Mkewe Rina alikwishafariki, na binti yao wa pekee, Loredana, alikuwa amehamia Perth, Australia. Baada ya mazishi ya mama, binti alitaka baba auze nyumba aende naye. Mzee akamjibu kwamba yeye si mzigo wa kupakiwa kwenye ndege. Maneno yakazaa maneno, na tangu hapo wakawa watu wa simu ya Jumapili: huko kuna mvua, hapa kuna baridi, haya kwaheri. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenziwe aseme njoo, au aseme nakuja, na hakuna aliyesema. Kiburi walikirithishana kama pua.

Sasa, chini ya ngazi za nyumba ile kulikuwa na chupa za mvinyo mwekundu. Kaka yake Mzee Ettore aliukamua mwenyewe kwenye vilima vya kwao Piemonte, mwaka aliozaliwa Loredana, akazituma kwa meli. Zaidi ya miaka arobaini zimelala pale, zikipungua moja moja, maana kila Julai, siku ya kuzaliwa Rina, mzee alifungua moja. Alikuwa amekubaliana na binti yake zamani, kabla ya ugomvi, kwamba siku mvinyo utakapofika, yaani utakapokuwa umeiva hasa, watakaa wanywe zilizobaki pamoja.

Siku ya kwanza tu Mselem alimwambia mzee kwamba dini yake haimruhusu kugusa pombe. Mzee akasema sawa, wewe nishikie taa. Baada ya taa ikawa niletee chupa, na chupa ikawa nimiminie. Mselem roho ikamsuta, akaenda kumuuliza shehe. Shehe akamkaripia. Mselem akamwambia shehe naam, nimekusikia, akarudi Troyeville akaendelea kumimina. Ndivyo alivyo, anamkubalia kila mtu.

Julai ile ya kwanza mzee alinusa, akanywa funda, akaliviringisha mdomoni kama mtu anayesukutua, kisha akaanza kumsomesha. Mvinyo huu, alisema, ulipokuwa mchanga haukunyweka. Ulikuwa ukakasi mtupu, ulimi unakauka na fizi zinashika. Mselem akacheka, akasema basi ni kama mabibo mabichi, tulikuwa tunayala utotoni tunashindwa kufumba mdomo. Mzee hakulijua bibo, akaelezwa kwamba ni lile tunda la mkorosho, akalipenda neno. Miaka inautafuna ukakasi kidogo kidogo, akaendelea, na kila unapopungua kinajitokeza kilichokuwa kimejificha chini yake: waridi, cheri, hata harufu ya lami ya barabara mpya. Baadaye waridi linakauka. Yanakuja majani makavu, uyoga, ngozi ya kiatu cha zamani. Rangi nayo inaacha wekundu na kuelekea kwenye tofali.

"Halafu siku moja umefika," alisema mzee. "Hapo ndipo mahali pake. Baada ya hapo unashuka, na ukishaanza kushuka haupandi tena. Unabaki maji machungu."

"Utajuaje kwamba umefika?"

"Kwa kuuonja kila mwaka. Hakuna njia nyingine."

Funda lililobaki alimpa jirani yake Marcellin, fundi cherehani kutoka Bukavu, aliyeshonea barazani nyumba ya pili. Marcellin akarudi kwenye ukuta wa mpaka na glasi tupu, uso umemkunjuka. "Mzee, ile vin iko muzuri sana. Niliweka Coca kidogo, ikakuwa sawa kabisa." Mzee Ettore akamtazama, akaingia ndani. Mselem alicheka mpaka akakaa chini.

Julai ya 2016 waridi lilikuwa limekauka kweli, na ukakasi ulibaki pembeni tu, kwenye fizi. Mzee akaitua glasi. Akasema bado kidogo, mwaka mmoja au miwili, halafu nitamwita mtoto. Mwisho wa mwaka huohuo kiharusi kikampiga. Mguu wa kushoto ukagoma, macho yakaingia ukungu, na kibaya zaidi, pua na ulimi vikafa. Kahawa, mkate, supu, vyote vikawa karatasi mdomoni mwake. Mselem alimnyanyua, akamwogesha, akamlisha, akamzoeza kusimama akishikilia meza. Mzee alipenda zoezi la kusimama kuliko yote. Hakutaka Loredana amkute kwenye kiti cha magurudumu.

Juni 2017 Loredana akapiga simu, na safari hii alisema kitu: kazini wamempa likizo, mwezi wa tisa anaweza kuja. Kwa yule binti, hilo lilikuwa ni kupiga magoti. Mzee naye alifurahi, lakini kusema njoo bado kulimshinda. "Ngoja Julai," akamjibu. "Tuone mvinyo unasemaje." Alipokata simu akamweleza Mselem hesabu yake. Ikiwa mvinyo umefika, aje mwezi wa tisa, liwalo na liwe, amkute hata amelala. Ikiwa bado, amwambie aje mwaka ujao, na yeye atakuwa amepata muda wa kujifunza kusimama. Kwa hiyo Mselem alijua. Hilo tuliweke wazi, maana wako wanaomtetea kwa kusema hakujua.

Siku ikafika. Mselem alifungua chupa, kizibo kikamegekea mkononi. Akamimina taratibu kama alivyofundishwa, mashapo yabaki chini. Glasi aliiinua dirishani. Haikuwa na wekundu hata wa tofali, ilikuwa rangi ya chai iliyolala. Akanusa. Gunia lililonyeshewa, na nyuma yake kitu kinachochoma pua, kama siki. Hahitaji mtu kuwa mnywaji kuelewa.

Mzee akanywa, akatikisa kichwa. "Karatasi," alisema. Akaisukuma glasi mezani mpaka mbele ya Mselem. "Najua dini yako. Nakuomba tone moja tu, uniambie. Ukiona huwezi, sema huwezi, sitakasirika hata kidogo."

"Si nimwite Marcellin?"

"Marcellin kila kitu kwake kitamu. Wewe husemi uongo."

Haya, wewe ungefanyaje? Kunywa, Mselem hawezi. Kumkatalia mgonjwa aliyemwomba kwa sauti ile, hawezi vilevile. Akatafuta njia ya tatu, kama kawaida yake. Akaishika glasi, akageuza uso dirishani, akaigusisha kidevuni, akaguna kidogo, akairudisha mezani imejaa vilevile. Mzee kwa macho yale hakuona.

"Vipi? Uko hai?"

Na hapo ulimi wa Tanga ukajibu wenyewe, kabla ya akili. "Uko hai, Mzee. Mzima kabisa."

"Ukakasi?"

"Bado upo. Pembeni, kwenye fizi."

"Na waridi?"

"Limekauka, lakini lipo."

Yalikuwa maneno ya mzee mwenyewe ya mwaka uliopita. Mselem alikuwa anaulizwa habari za mgonjwa, naye akajibu kama wanavyojibiwa wagonjwa wote kwao Tanga. Mzee Ettore akafumba macho, akaachia pumzi ndefu. "Basi tuna muda," alisema. "Atakuja mwakani. Nitampokea mlangoni kwa miguu yangu." Akamshika Mselem mkono, hakuuachia mpaka akasinzia. Mselem akaenda kumwaga glasi na chupa nzima kwenye sinki, akafungulia maji mengi.

Usiku alimsimulia Shufaa. Shufaa aliacha kukunja nguo. "Kwani ungesema siwezi, kungekuwa na nini?"

"Nilimwonea haya."

"Kamwambie kesho. Mwambie hukuonja, ila umenusa na umeona. Mtoto wa watu anangoja."

Akasema atamwambia. Kesho yake akamkuta mzee ameshapiga simu Perth, hata Jumapili hakungoja, na anaimba. Ameomba avalishwe viatu vya kutokea ili afanyie mazoezi. Mselem akainama kumfunga kamba za viatu. Alikuwa nalo neno mdomoni, na aliinuka nalo. Wiki ikapita, mwezi wa tisa ukapita. Ikafika Desemba mzee anaweza kusimama akihesabu polepole mpaka kumi, na Mselem akaanza kujiambia kwamba huenda alifanya vizuri. Mwezi wa pili mwaka 2018 kiharusi kikarudi. Mzee Ettore alikufa asubuhi, Mselem akiwa ametoka kumchemshia uji.

Loredana alifika kwa mazishi. Mwanamke mrefu, pua ya baba yake. Walipotoka makaburini na watu wakaondoka, alimwomba Mselem wakae jikoni. Akaenda chini ya ngazi akaleta chupa, akaifungua mwenyewe. Akamimina glasi moja, akanywa, akaitema kwenye sinki. Akanusa tena, kama mtu asiyeamini.

"Huu ulikufa zamani," alisema. "Haukufa mwaka huu. Julai ulikuwaje?"

Mselem akasikia neno zuri linapanda kooni. Akalimeza. Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani mwake.

"Sijui, dada. Sikuonja. Niligeuza uso, nikamwambia ni mzima."

Loredana hakumfokea. Alivuta kiti akakaa.

"Alinipigia siku ya pili yake," alisema. "Alikuwa analia. Nilidhani kuna jambo baya. Akaniambia, Mselem ni mtu anayemwogopa Mungu, na jana amekunywa kwa ajili yangu. Akasema tangu mama afe hakuna mtu aliyempenda kiasi hicho. Halafu akasema nirudishe tiketi, nisiwe na haraka."

Mselem alikuwa amejiandaa kwa kosa moja, la kumzuia binti asije. Hili la pili hakulijua. Miezi yote ile, kila asubuhi alipomnyanyua mzee kitandani na mzee akampiga bega kwa shukrani, alikuwa anashukuriwa kwa glasi iliyokwenda kwenye sinki.

"Alikwambia ungeweza kukataa?" Loredana aliuliza.

"Aliniambia."

"Na kwamba hatakasirika?"

"Aliniambia hivyo pia."

"Asingekasirika," alisema Loredana. "Angesema basi, mwite mtoto aje aonje mwenyewe. Na mimi ningekuja."

"Najua, dada," alisema Mselem. "Nilijua siku ileile."