Ordinateri Iliyonyooka Siku ya Ijumaa

Enzi zetu kompyuta haikuwa na kioo chake. Ilikuja kibodi peke yake, nene kama tofali, ukaichomeka nyuma ya televisheni mahali pa antena na kuomba Mungu. Yetu tuliachiwa na mjomba alipohamia Ubelgiji. Hata wakati ule ilikuwa ya kizamani, lakini sisi watoto wa mtaa wa Buyenzi tuliiita ordinateri kwa heshima zote. Ilikuwa na mchezo mmoja tu, kwenye kaseti: gari dogo linakwepa mashimo barabarani. Kaseti ililia kama paka aliyebanwa na mlango, nasi tukasubiri mpaka chai ikapoa. Watoto wa leo wakisubiri kidogo tu wanashika kichwa kama wamefiwa.

Ilikuwa miaka ya vita. Shule ilifungwa mara kwa mara, kwenda mtaa wa Musaga kwa shangazi tulikatazwa, na jioni kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje, ilituingiza ndani mapema kama kuku. Kwa hiyo lile gari dogo ndilo lililokuwa linatutembeza.

Basi picha ikaanza kuugua. Ukiwasha, herufi zinakaa sawa kidogo, halafu zinatetemeka, picha inasinyaa pembeni, na vidoti vyeupe vinapita kama mtu anamwaga chumvi. Kaka yangu Issa, aliyejiteua fundi wa nyumba, alikuwa na dawa moja, nayo ni kofi. Aliipiga televisheni kulia, akaipiga kushoto, akazungusha antena ambayo hata haikuwa imechomekwa. Bibi, mama yake Baba, aliisomea dua akaipulizia.

Baba yeye alitumia akili. Televisheni ya taifa ilianza matangazo jioni, na jioni, alipotazama habari, picha ilikuwa safi. Kwa hiyo televisheni ilikuwa nzima na mgonjwa ni ordinateri. Nani angembishia?

"Iyi kintu itaniharibia televisheni," alisema. "Jumamosi kuko mutu wa Cibitoke atakuja kuibeba, atoe vyuma anavyotaka. Mi nimemaliza."

Nililia, sioni aibu kusema. Nililia mpaka Bibi akanipa kipande cha mkeke, samaki wetu wa ziwani, aliokuwa amemwekea Baba.

Ijumaa yake ikafika. Wanaume wote wa nyumbani walivaa kanzu wakaenda msikitini, mimi na Bibi tukabaki na sufuria ya pilau. Nikawasha ordinateri ili niiage. Picha ilisimama imenyooka kama shati la Idi! Niliendesha lile gari mpaka mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika. Issa aliporudi nilimwita kwa kelele, akaja mbio, na kabla hajavua kofia, picha ikaanza kutetemeka.

"We unadanganya," alisema.

"Wallahi apana! Ilikuwa sawa, muulize Bibi!"

Bibi hakuwa na shaka yoyote. "Si munaona? Imetulia saa ya sala. Iyi kintu iko Muislamu."

Tulicheka sana, lakini mimi nilikasirika kuitwa mwongo. Nikatoka uani kujiuliza kimebadilika nini. Nyinyi mliokulia Buyenzi mnakumbuka Ijumaa mchana: magereji yote yanafungwa, mtaa unanyamaza, halafu watu wakitoka msikitini nyundo zinaanza tena. Nyuma ya ua wetu, Fundi Sadala, mchomeleaji wa mageti, alikuwa amerudi kazini. Niliona mwanga wake wa buluu ukirukaruka kwenye mabati. Nikageuka, nikachungulia televisheni kupitia dirisha. Mwanga ukiwaka, picha inatetemeka. Mwanga ukizimika, picha inanyooka. Mashine yake ilikuwa inanyonya umeme wa mtaa mzima, na jioni aliifunga kwa sababu ya kuvrefe, ndiyo maana Baba alitazama habari zake kwa raha.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwake. Alikuwa mtu mkubwa mwenye barakoa ya kioo cheusi, watoto tulimwogopa. Nilimweleza kwa sauti inayotetemeka kuliko ile picha.

"Kumbe mi ndiye mugonjwa?" akacheka. "Haya, mutoto wangu. Sema tufanye nini."

Tulipanga watoto wa mtaa kutoka kwenye geti lake hadi dirisha la sebule yetu, wapokezane sauti. Baba alikaa mbele ya televisheni, mikono kifuani. "Choma!" Picha ikacheza. "Acha!" Ikanyooka. Tukarudia, na tukarudia tena. Mara nikasikia Baba mwenyewe anapiga kelele, "Choma! Acha! Choma!" amefurahi kama mtoto, mpaka Fundi Sadala akaita kutoka nyuma ya ua, "Mwambieni apumuzike, vijiti vyangu vya kuchomelea vinaisha!" Yule mtu wa Cibitoke alifika, akanywa chai na maandazi, akaondoka mikono mitupu.

Tangu siku hiyo mchezo ulichezwa Fundi Sadala akisimamisha kazi, yaani saa za sala, wakati kina Issa wako msikitini. Mimi Bibi alinisalisha nyumbani kwanza, nami nilisali mbio mpaka akaguna. Mpaka leo hakuna mwanaume wa ukoo wetu aliyenishinda mchezo ule.

Halafu risasi zikasogea, na Fundi Sadala akachukua familia yake akavuka mpaka kwenda Uvira. Picha ikanyooka kutwa nzima. Issa aliwasha siku moja, akaitazama, akazima bila kucheza. Uani kulikuwa kimya, na kile kimya kilinitisha kuliko risasi.

Miezi ilipita. Asubuhi moja nilikuwa ninaendesha gari langu kwa uvivu, na picha ikatetemeka. Nilipiga yowe. "Amerudi!" Tulikimbilia uani wote, Bibi na mwiko wake mkononi, na kweli, mwanga wa buluu ulikuwa unaruka kwenye mabati.

Siku hizi nina televisheni bapa na kifaa cha kutuliza umeme. Wanangu hawajui picha inayocheza. Juzi jirani alileta fundi wa kuchomelea geti, na kile kifaa kikashindwa, picha ikatetemeka.

"Mama, iyi televizyo imekufa!" binti yangu akalia.

Nilicheka peke yangu, nikavaa kandambili, nikatoka kwenda kumsalimia fundi.