Siku Mume Wangu Aliponisahihisha Ukunga Mbele za Watu

Jamani, hii habari sikutaka kuisema kabisa, na kwa muda mrefu kila nilipomwona nesi wa Masasi anacheka huku ameshika simu nilijua ananicheka mimi, lakini kwa kuwa wengi mmeshaisikia kwa watu wengine, na huko imetiwa chumvi (kuna wanaosema nilizimia, sikuzimia), afadhali mniache niisimulie mwenyewe, mcheke mara moja yaishe.

Mnajua mimi ni muuguzi mkunga, zahanati yetu iko mbele ya Chiungutwa, kijiji chenyewe sikitaji maana wanakijiji hawana kosa. Nimekaa pale miaka ishirini na moja. Kuna vijana nimewazalisha mimi na sasa wake zao nimewazalisha mimi, wakinikuta njiani wanashuka kwenye baiskeli kabisa, "Shikamoo Sista," na mimi naitikia marahaba huku kichwa kimevimba. Hicho kichwa ndicho kilichoniponza, lakini tutafika huko.

Sasa siku hizi leseni ya uuguzi huihuishi hivi hivi kama zamani. Lazima uwe na pointi za mafunzo endelevu. Unasoma masomo kwenye simu, unajibu maswali, ukifaulu unapata cheti na pointi zako zinaingia, zisipotimia leseni haitoki, na bila leseni wewe ni mama wa nyumbani mwenye gauni jeupe. Mimi ilibaki miezi mitatu leseni yangu iishe na sikuwa na pointi hata moja. Si kwamba nilidharau. Zahanati nzima tuko wawili, mimi na mwenzangu wa chanjo, mtandao unashika nyuma ya tanki la maji tu, na ukishasimama pale dakika mbili mtu anakuja, "Sista, mtoto anatapika." Halafu, niseme ukweli wote, masomo yenyewe yako kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha kusoma karatasi ya dawa. Ukinipa aya nzima naelewa mwanzo na mwisho, katikati kunakuwa na ukungu.

Ndipo akaingia Baba Rehema, mume wangu. Baba Rehema ni mwalimu mstaafu, amefundisha Kiingereza shule za msingi tangu tunaoana, na tangu astaafu hana mtu wa kumsahihisha, ananisahihisha mimi (hata orodha ya sokoni ameshawahi kuitia kalamu nyekundu). Jioni moja ananikuta nyuma ya tanki (nyumba yetu iko hapo hapo zahanati) nakunja uso mbele ya simu, akasema, "Lete nikutafsirie." Nikampa. Hapo ndipo nilipokosea, hapo hapo, wala pasingekuwa na la kusimulia kama ningesema hapana.

Siku ya kwanza alinitafsiria vizuri, mimi nikajibu mwenyewe. Siku ya pili alitafsiri huku mimi napepeta mchele, nikawa najibu kwa kuitikia tu, "Eeh, hilo, bonyeza." Siku ya tatu nikamsikia anasema peke yake, "Hapana, hili B ni mtego," akabonyeza anachojua yeye. Wiki ya pili alikuwa hata haniiti. Anachukua simu yangu, anabeba kiti, anakwenda kukaa nyuma ya tanki na daftari lake, anarudi jua limeshuka anasema, "Mama Rehema, tumefaulu upungufu wa damu." Tumefaulu! Na mimi nikawa naona raha, pointi zinaingia, nafanya kazi zangu.

Shida ni kwamba Baba Rehema hajui kufaulu kidogo. Ungedhani mtu anayefanya mtihani wa wizi angeiba alama hamsini na tano, basi. Yeye somo la kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua alipata tisini na sita. Tisini na sita! Muuguzi mkuu wetu wa wilaya, Sista Somoe (mwanamke mpole lakini macho yake hayapepesi), akaweka jina langu kwenye kundi letu la wauguzi la simu: "Hongera Sista Eufrasia, alama za juu kuliko wote." Watu wakamwaga maua na mikono ya kupiga makofi. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikaandika, "Ahsanteni, ni bidii tu."

Siku mbili baadaye Sista Somoe akapiga simu. Kuna mafunzo ya vitendo Masasi mjini, wauguzi wa zahanati zote za upande wetu wanakuja, na angependa mimi niwaonyeshe wenzangu hatua za kumsaidia mtoto kupumua, kwa mwanasesere. "Wewe mkongwe, wakikuona wewe watatia maanani," alisema. Ningeweza kusema naumwa mgongo, na mgongo kweli huwa unauma. Nikasema, "Hakuna shida, Sista."

Baba Rehema niliposema akafurahi kama ameteuliwa yeye. Akaingia jikoni akatoka na boga, akalizungushia kitenge, akaliweka mezani. "Njoo nikuonyeshe. Unamkausha kwanza, unamsugua mgongo, asipolia unamlaza, kichwa unakiweka hivi." Jamani, mimi mkunga wa miaka ishirini na moja nafundishwa kuzalisha kwa boga na mtu ambaye Rehema alipozaliwa alikuwa amejificha kwa jirani! Nikamwambia, "Baba Rehema, wewe umezalisha nani? Weka chini hilo boga, nalipika." Akaweka chini. Akasema tu, kwa unyonge, "Siku hizi hawawapigi tena matakoni, mama." Nikajifanya sijasikia.

Siku ikafika. Baba Rehema akang'ang'ania kwenda, eti anataka kumwona huyo mwanasesere aliyemsoma sana. Nikamwambia akae nje na madereva. Ukumbi umejaa, wauguzi kama arobaini, wengine binti zangu kwa umri, mezani amelala mwanasesere wa mpira, wamemjaza maji ya uvuguvugu ili uzito wake uwe kama wa mtoto kweli, na pembeni kuna ambubegi, ule mfuko wa mpira wa kumsukumia mtoto hewa. Sista Somoe akanitambulisha kwa sifa mpaka nikatamani huyo anayesifiwa nimjue. Halafu akasema, "Sista, mtoto huyu amezaliwa sasa hivi. Halii. Anza."

Wenzangu, kichwa kikawa cheupe. Nilikumbuka maneno ya Baba Rehema, kausha, sugua, laza, lakini mikono haina habari na maneno, mikono inajua ilichozoea. Nikaona mikono yangu mwenyewe inamkamata mwanasesere miguu yote miwili, inamning'iniza kichwa chini, na inampiga matakoni, paa, paa, kama tulivyofundishwa enzi zetu. Na pigo la tatu, kizibo chake cha maji kikachomoka, maji yote ya mtoto yakanimwagikia kuanzia kifuani mpaka kwenye viatu.

Sauti ikatoka katikati ya viti, "Chupa imepasuka!"

Hapo walicheka mpaka meza zikatikisika. Hata mimi ningekuwa nimekaa kule ningecheka. Nikamlaza mwanasesere mezani, amelegea, nikasema moyoni angalau hewa nitampa vizuri, nikashika ambubegi, nikamfunika pua na mdomo, nikabonyeza. Kifua hakinyanyuki. Nikabonyeza tena kwa nguvu. Hakuna kitu, hewa inatokea pembeni inapiga mluzi. Vicheko vikaisha. Maana pale wote ni wakunga, na kifua kisichonyanyuka hakichekeshi. Jasho na yale maji sijui kipi ni kipi. Nikabonyeza mara ya tano, ya sita.

Ndipo mlangoni ikatoka sauti ninayoijua kuliko sauti zote duniani.

"Kichwa, Mama Rehema! Shingo imekunjika! Inua kidevu kidogo, kama ananusa kitu!"

Watu wote wakageuka. Baba Rehema amesimama mlangoni, kofia mkononi. Na mimi, kwa mshtuko, nikatii. Nikainua kidevu, nikabonyeza, kifua kikanyanyuka. Kikashuka. Kikanyanyuka.

Sista Somoe akamtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama tena yeye. "Shikamoo baba. Wewe ni wa kituo gani?"

"Marahaba. Mimi si wa kituo, mwanangu. Mimi mwalimu mstaafu."

"Na haya umeyajulia wapi?"

Angeweza kusema redioni. Angeweza kusema lolote. Lakini Baba Rehema ameulizwa swali mbele ya darasa, na maisha yake yote swali la darasani hujibiwa kwa usahihi. Akasimama wima. "Somo la tatu," akasema. "Nilipata tisini na sita."

Hakuna aliyecheka haraka. Ilichukua muda kidogo kila mtu aunganishe mwenyewe kichwani, na nikawaona wanavyounganisha, mmoja mmoja, ndipo kicheko kikaja. Mimi nilikuwa nimemkumbatia mwanasesere sijui kwa nini, naangalia sakafu iliyolowa.

Sista Somoe akawapa watu mapumziko ya chai, akanipeleka chumba cha nyuma kwenye maboksi ya vyandarua, akafunga mlango. Nilitegemea anifokee. Akanipa kanga yake nijifute. Halafu akauliza taratibu, "Mtoto wa mwisho kuchelewa kulia kwako, ulimfanyaje?"

Nikasema ukweli. "Kama nilivyofanya pale."

"Akalia?"

"Alilia."

"Na kama asingelia, dada yangu?"

Hilo swali ndilo lililonitoa machozi, maana mambo ya kuchekwa yangepita. Nilimkumbuka yule mtoto, mama yake ni jirani yetu, nikakumbuka jinsi nilivyotoka nje siku ile najisifu. Nilikuwa nabahatisha na sijui kama nabahatisha, na cheti kinachosema najua kimo kwenye simu yangu kwa jina langu.

Akaniambia, "Hizo pointi nazifuta zote. Na barua ya maelezo uandike wewe, kabla sijaandika mimi. Mpaka utakaporudia mafunzo, kuzalisha peke yako basi." Akanishika bega, akatoka kwenda kuendelea na darasa.

Kurudi nyumbani tulipanda bodaboda mbili tofauti, kwa hiari yangu. Nilipanga maneno njia nzima, makali, nimwambie ameniua. Tulipofika akabaki amesimama uani hajavua hata viatu. "Mama Rehema, nisamehe," akasema. "Nilisahau kama ni mpira. Niliona mtoto anakufa." Sasa mtu kama huyo unamgombezaje? Nikaenda kuteka maji. Barua niliandika mwenyewe, na yeye alipotaka kuisahihisha nikamwekea mkono juu.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko siku yenyewe. Wajawazito waliokaribia ilibidi waelekezwe kituo cha afya, mwendo wa pikipiki kwenye mchanga ule mnaoujua, na mmoja, mimba yake ya nne, watatu wote nimempokelea mimi, aliniuliza, "Sista, kwani unaumwa?" Nikamwambia siumwi, narudia shule. Alinitazama kwa huruma, akafunga mzigo wake.

Mafunzo ya kurudia yalikuwa Newala, siku tatu, baridi ile ya kule juu nimejifunika kitenge mabegani, na Sista Somoe tena ndiye mwalimu. Sura nyingi zilikuwa zile zile za Masasi. Akaweka mwanasesere mezani, akauliza, "Kabla hatujaanza. Nani hapa hajawahi kumpulizia mtoto kwa hatua hizi mpya, kwa mikono yake mwenyewe?"

Watu wanaangalia madaftari. Mimi nilikuwa sina tena cha kuficha, kila mtu ananijua, nikanyoosha mkono, nikauacha juu. Nikasikia kiti kimelia nyuma yangu. Nilipogeuka, mikono ilikuwa tisa. Pembeni yangu alikaa mkunga mmoja wa Tandahimba, mwenye mvi kunizidi, yeye naye ameinua wake, akaniinamia sikioni, "Ahsante mwenzangu. Miaka yote nasubiri mtu aanze."

Basi, nimeapa. Simu yangu ina namba ya siri, na nyuma ya tanki nakwenda mwenyewe na miwani yangu na kamusi. Neno nisilolijua nauliza, hata kwa Baba Rehema, neno moja tu, halafu namwambia aondoke. Somo la kutokwa damu baada ya kujifungua nimefeli mara mbili, mara ya tatu nikapita kwa kuponea chupuchupu. Alinifuata jikoni, akazunguka zunguka, mwisho akashindwa kuvumilia, akaniuliza nimepata ngapi.

Sijamwambia mpaka leo.