Mvuke wa Chemchemi ya Kinyala

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai huku Kinyala, mwanangu, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na mimi nina miaka kumi na tisa na kiburi cha kunitosha na cha kugawia wengine. Nakusimulia kwa sababu nimesikia Jumamosi unawapeleka wenzako kuogelea kwenye chemchemi. Tangu nisikie, sina amani.

Mgeni mmoja aliyekuja kutazama samaki alituachia miwani ya kupigia mbizi, mirija ya kupumulia, na suti moja ya mpira yenye kofia, ile nene inayobana mwili na kutunza joto. Akatuonya kwamba asiye na suti asikae majini. Alipoondoka tulimcheka. Sisi watu wa Rungwe, tunaooga mtoni alfajiri, tufundishwe baridi?

Basi suti nikaivaa mimi, kwa kujionyesha tu. Ambokile, mtoto wa baba yangu mdogo, akabaki na kaptura. Chemchemi ilikuwa inafuka mvuke. Akatia mguu, akatabasamu.

"Kaka, ya vuguvugu haya!"

"Si nilikwambia? Ingia."

Hapo ndipo nilipokosea. Baridi ya maji yale ni ileile mwaka mzima. Hewa ya Julai ndiyo iliyokuwa baridi kuyashinda, ndiyo maana mguu ukadanganyika.

Tulielea kifudifudi, tukitazama mchanga ukirukaruka chini pale maji yanapochomoza. Ndani ya mpira nilistarehe, wala sikujali muda. Nilipoinua kichwa, midomo ya Ambokile ilikuwa rangi ya majivu. Nikamwita, akajibu kwa ulimi mzito kama mlevi. Hakuwa anatetemeka tena. "Baridi imeisha," akasema. Mwanangu, sijawahi kuogopa vile. Nikamvuta hadi ukingoni, vidole vyake vikashindwa kushika hata nyasi.

Bibi Tusajigwe, jirani yetu, alikuwa amekuja kuteka maji. Nikaanza kumsugua Ambokile kwa nguvu, bibi akanipiga mkono.

"Acha! Mvue hiyo kaptura mbichi. Mlaze taratibu."

Akamfunika kwa kanga zake, akaniamuru nivue suti nimkumbatie, ngozi kwa ngozi. Kila alipofumba macho nilidhani amekwisha. Bibi hakupandisha sauti. "Wewe ulikuwa na joto, ukadhani na mwenzio analo. Mama yake utamwambia nini?"

Ambokile alipoanza kutetemeka upya, nililia bila aibu. Yu hai mpaka leo, namshukuru Mungu. Lakini jioni ile, akiwa kando ya moto na chai yake, aliniuliza, "Kaka, nilikuita mara mbili. Hukusikia?"

Kofia ya mpira ilikuwa imeniziba masikio.

Kwa hiyo, mwanangu, Jumamosi aingie mwenye suti ya mpira tu. Suti zikiwa chache, ingieni kwa zamu, na mmoja abaki ukingoni akiwatazama. Msiamini mguu wala mvuke. Anayetetemeka atoke, aliyeacha kutetemeka akiwa bado majini, mwogopeni zaidi. Na wewe utakayekuwa na joto, inua kichwa kila mara, mtazame mwenzio midomo, mfanye aseme jina lake.

Nendeni, Mungu awalinde ndani ya maji yale, na kila mama aliyeaga mtoto wake asubuhi ampokee jioni.