Kadi ya Picha kwa Mbuzi Sita

Bajeti ya kompyuta yangu ya michezo niliiandika kwa mbuzi. Pesa za kutengeneza simu hapa Lodwar huingia na kutoka. Akiba yangu halisi ilikuwa kwa mama, nje kidogo ya Kakuma, ikila majani pamoja na mbuzi wake. Basi daftarini nikaandika: prosesa, mbuzi wanne. Kadi ya picha, sita. Memori, mmoja na nusu. Huyo nusu alinisumbua wiki nzima.

Fundi wa kuniagizia vipuri na kuviunganisha alikuwa Mkongomani mwenye kibanda Kakuma. Alisoma orodha yangu akacheka mpaka akavua miwani.

"Ndugu, umesahau feni. Joto ya huku itaua hii masini."

Nikaongeza feni tatu. Sasa mbuzi hawakutosha, nami nikafanya ujinga ambao mfugaji yeyote ataufahamu: nikahesabu na walio tumboni. Kadi ya picha ikawa inangoja kuzaliwa.

Kabla hata mmoja hajazaa, mama akapiga simu. "Ejok. Mbuzi yako nimeuza yote leo. Pesa nimepatia fundi mkononi."

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia amenivurugia hesabu, na mengine ambayo mtu hamwambii mama yake. Alinisikiliza hadi mwisho. "Haya," akasema. "Hiyo sanduku yako ikiwaka, unionyeshe."

Mvua haikuja. Bei ikaanguka mpaka mbuzi mzima hakununua hata feni, kisha wakaanza kufa. Wakati mimi nikifuatilia bei ya dola, mama alikuwa akiangalia mawingu.

Alikuja Lodwar kuona mashine. Kadi haikuwa ile kubwa ya ndoto zangu, lakini ilikuwa yangu na imelipwa. Nilimkalisha kwenye kiti changu, akaendesha gari la mashindano kinyumenyume, akagonga ukuta, akataka kurudia. Nampenda sana mama huyu. Nikamwomba msamaha, akanipungia mkono ninyamaze, anaendesha.

Ndipo nikakumbuka kumuuliza mbuzi wake mwenyewe aliwauza lini.

"Siku ile wanunuzi walikuwa kidogo," akasema, macho kwenye skrini. "Nilianza na yako."