Judica Aliyelima Usiku

Watu wa Maretadu bado wanasema nyumbani kwetu kulikuwa na mchawi. Wanamsema wifi yangu Judica, dada wa marehemu mume wangu Alfredi. Nimefundisha shule ya msingi hapa, na wengi wa hao wanaosema nimewafundisha kusoma mimi. Basi wasome na hili: Judica hakuwa mchawi. Alikuwa mama wa mtoto asiyelala.

Mumewe, Theodory, alikwenda Mererani kutafuta tanzanite mwaka ambao wachuuzi walinunua maharage yetu kwa bei ya kututukana. Hakurudi. Judica akaja kwetu na binti yake Glory mgongoni, na Alfredi, kabla hajafa, akamkatia kipande cha shamba kando ya korongo.

Glory alizaliwa mzima. Aliwahi kuanza kusema, akawa anaita ng'ombe wetu kwa majina. Alipofikisha miaka mitatu maneno yakaanza kumpotea, nyusi zikawa nene, tumbo likajaa. Kisha usingizi ukageuka. Mchana alilala popote, kanisani, hata juu ya gunia mnadani. Giza likiingia aliamka, akakimbia huku na huku, akatafuna blanketi, akacheka peke yake. Akiachwa, alifungua mlango na kuelekea korongoni.

Watu walimshauri amfunge mtoto kamba. Judica alikataa. Badala yake aligeuza maisha yake yamfuate mtoto: alilala Glory alipolala, na kazi zote akazihamishia usiku. Alipukuchua mahindi, akafua, na mbalamwezi ikiwaka akaenda naye shambani, mtoto akirukaruka kwenye matuta, yeye akilima. Majirani walikuta shamba limelimwa asubuhi, na mwenye shamba amelala jua likiwa juu.

Mwaka ambao mkoa wetu wa Manyara ulitengwa na Arusha, tulimpeleka Glory hospitali ya Haydom kwa basi. Palikuwa na daktari mgeni wa watoto, mama mmoja mpole.

"Kuna aina ya sukari mwilini inayotakiwa kukatwakatwa," alituambia. "Mwili wa Glory umekosa mkasi wake. Sukari hiyo inarundikana ndani ya chembe hai za mwili, hasa za ubongo."

"Na usingizi?" Judica aliuliza.

"Kila chembe ina saa yake, mama. Kuna vinasaba ambavyo kazi yake ni kuwaka na kuzima kwa zamu, ili mwili ujue sasa ni mchana, sasa ni usiku. Wanaochunguza wanadhani lile lundo linaivuruga saa hiyo. Bado hawajui vizuri."

"Dawa?"

"Hakuna."

Niliuliza mimi ugonjwa umetoka wapi.

"Kwa wazazi wote wawili, mwalimu. Kila mmoja amebeba nusu, naye mzima. Ndugu zao pia wanaweza kuwa wamebeba."

Tulirudi na jibu hilo. Nyumbani tulikuta habari kwamba wazee wa mtaa wanamwita Judica. Walisema analimiwa na misukule, wafu wanaotumikishwa usiku. Akishindwa kujieleza angetengwa.

Nilifurahi kwamba tulikuwa na maelezo ya daktari. Nikamwambia Judica nitasimama niyaseme.

"Hutasema, wifi."

"Kwa nini? Unataka wakuite mchawi?"

"Ukisema ni damu, Kornelia ataolewa na nani? Damu yangu ni ya kaka yangu, na ya kaka yangu ndiyo yake."

Kornelia ni binti yangu mkubwa. Wazee wa mchumba wake, Patriki, walikuwa waje kutoka Dongobesh baada ya mavuno. Nilimjibu kwamba mchawi nyumbani ni aibu kubwa pia.

"Mchawi ni mtu mmoja," Judica alisema. "Akihama, ameondoka na uchawi wake. Damu haihami."

Kikaoni walikaa kwenye nyasi. Mzee Nikolausi aliongoza. Mama Zita, jirani yetu, alianza.

"Shikamooni wazee. Sisi wengine tunalima mchana tunaonekana. Huyu mwenzetu labda amenunua trekta lisilo na mlio!"

Watu walicheka.

"Nalima mwenyewe, Mama Zita," Judica alijibu. "Njoo usiku unisaidie, utaona jembe."

"Mimi? Nije niongezwe kwenye kundi lako?"

Walicheka tena. Mzee Nikolausi akawanyamazisha. "Binti yangu, mtoto wako ana nini?"

Judica alimtazama Glory, aliyekuwa amelala mapajani pake. "Haumwi, baba. Ndivyo alivyo."

"Hospitali walisema nini?"

"Hawakusema."

Wakamtenga. Asipewe moto wala maji, asisaidiwe kazi, asisalimiwe. Judica alijijengea kibanda ng'ambo ya korongo ili nyumba yangu isihesabiwe pamoja naye. Watoto niliowafundisha kumwamkia kila mkubwa walimpita bila shikamoo. Kornelia aliolewa vizuri, kwa heshima zote, na shangazi yake alisikia vigelegele akiwa upande wa pili.

Glory aliishi hadi karibu miaka kumi na miwili. Mwishoni hakutembea wala kumeza, ila macho yalibaki wazi usiku kucha. Alifariki asubuhi, wakati wa usingizi wake.

Hakuna jirani aliyekuja kuchimba kaburi. Nilituma habari Dongobesh, na Patriki akaja na kaka zake, watu wasiofungwa na amri ya mtaa wetu. Walichimba mpaka jua likawa kali. Mzee Nikolausi alisimama njiani ameshika kofia, lakini hakuvuka korongo.

Walipomaliza, Patriki alinawa mikono, akamwinamia Judica. "Pole sana, shangazi. Mtoto aliumwa nini hasa?"

Kornelia alikuwa amesimama kando yake, mimba yake ya kwanza ikianza kuonekana. Judica alimtazama.

"Homa, mwanangu," alisema. "Ilikuwa homa tu."